Haki ya kugeuka: upepo wa mlimani na wagumu wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua za wasomaji niseme jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni tangu Februari mwaka huu, nilipopanda Mlima Washington, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, pamoja na marafiki zangu watatu, tukageuka kabla ya kufika kileleni kwa sababu ya upepo. Mimi ni mzaliwa wa Machame, mkoani Kilimanjaro, na kwa miaka minne ya ujana wangu nilikuwa mgumu, kama wanavyojiita wapagazi wa mlima wetu, kabla ya kuhamia Worcester, Massachusetts, ninakofanya kazi hadi leo. Nimepanda mlima kwa ujira na nimepanda mlima kwa hiari, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba tofauti ya hali hizo mbili ni fedha tu. Upepo wa Februari ulinionyesha tofauti nyingine, nayo ndiyo sababu ya barua hii.

Niliposema kwenye simu kwamba nakwenda kupanda mlima wenye urefu wa mita 1,917, ndugu zangu wa Machame walicheka sana. Geti la Machame lenyewe, mahali ambapo wageni huandikishwa na mizigo hupimwa kabla ya safari kuanza, liko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kilele cha Mlima Washington kwetu kingekuwa bado ndani ya msitu, mahali ambapo mgumu hajaanza hata kutoa jasho. Siwalaumu kwa kucheka. Sisi tumelelewa kupima mlima kwa urefu wake, na mtoto wa shule ya msingi kwetu anaijua 5,895 kabla hajamaliza jedwali la kuzidisha. Hata magazeti yetu, likiwamo hili lenu ninalolisoma kila siku, yanapoandika habari za watu waliopanda Kilimanjaro hutaja urefu wa kilele, idadi ya siku na majina ya wakubwa waliokuwamo katika msafara, lakini ni nadra kukuta habari inayosema upepo ulivuma kwa kasi gani usiku ule.

Mlima Washington umenifundisha kuuliza habari za upepo kwanza. Tangu mwaka 1932 kipo kituo cha hali ya hewa kileleni, ambako wataalamu wachache hukaa kwa zamu majira yote ya mwaka, na kazi yao mojawapo wakati wa baridi ni kutoka nje kugonga barafu inayoganda juu ya vipimo. Tarehe 12 Aprili 1934 walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1996, kimbunga Olivia kilipopita kisiwa cha Barrow, Australia, ambako kilomita 408 kwa saa zilipimwa, ingawa huko chombo kilijiandikia chenyewe pasipo mtu wa kukisoma. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 2023 baridi ya kileleni Washington ilishuka hadi nyuzi 44 za Selsiasi chini ya sifuri, na kwa upepo uliokuwapo mwili wa binadamu ungeihisi kama nyuzi 78 chini ya sifuri. Watu zaidi ya 150 wamepoteza maisha katika mlima huo tangu katikati ya karne ya 19, na baadhi yao walikufa kwa baridi katika miezi ambayo watu wa mabondeni huita kiangazi.

Wenyeji waliozoea mlima huo hueleza chanzo cha upepo wake kwa namna ambayo hata mimi niliyeacha shule mapema niliielewa. Njia kadhaa za dhoruba za bara la Amerika ya Kaskazini hukutana karibu na eneo lile, na safu ya milima imelala ikikingamana na upepo unaotoka magharibi, hivyo hewa hailipati pengo la kupita ila ipande mteremko na kubanwa kati ya mlima na tabaka la hewa lililo juu yake. Kila aliyewahi kumwagilia bustani anajua kinachotokea mdomo wa mpira wa maji unapobanwa kwa kidole. Tena upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu yake ya kumsukuma mtu haiongezeki maradufu, bali mara nne, na ndiyo maana mtu anayetembea vizuri katika upepo wa kilomita 50 kwa saa hujikuta anatambaa kwa magoti unapofika kilomita 100.

Tulikuwa wanne. Mmoja ni ndugu yetu wa Mombasa, ambaye hakuwahi kupanda mlima wowote maishani mwake. Wa pili ni rafiki yangu wa Bukavu, ambaye tunafanya kazi pamoja katika ghala moja. Wa tatu ni Mmarekani, jirani yangu, aliyekwisha kupanda mlima huo mara nyingi wakati wa baridi na ndiye aliyetuazima vifaa. Tulifika Pinkham Notch, chini ya mlima, kabla ya mapambazuko, tukasoma utabiri unaotolewa kila asubuhi na kituo cha kileleni. Ulisema baridi itakuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo utapanda polepole hadi kufikia kilomita 100 kwa saa ifikapo mchana. Kwa hesabu ya wataalamu, vitu hivyo viwili vikikutana ngozi iliyo wazi huhisi nyuzi 40 chini ya sifuri, na huanza kuganda katika dakika chache.

Kabla ya kufunga chini ya viatu yale meno ya chuma ya kushikia barafu, jirani yangu alitukusanya nyuma ya gari akatuambia jambo ambalo sikuwahi kuambiwa katika miaka yangu minne ya Kilimanjaro. Alisema kwamba juu ya mstari wa miti, yaani mahali miti inapokwisha, hatutaweza kusikiana, kwa hiyo ni lazima tuwe na ishara, na ishara itakuwa hii: yeyote kati yetu akiinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa, wote wanne tunageuka hapo hapo. Hakuna atakayeuliza sababu mpaka tufike kwenye miti. Hakuna atakayesema tumalizie kidogo. Alimtazama hasa ndugu yetu wa Mombasa, kwa kuwa ndiye mgeni kuliko wote, akasema kwamba ishara ile ni yake zaidi kuliko ilivyo yetu, kwa sababu asiye na mazoea ndiye atakayeumia kwanza na ndiye atakayeona haya kusema.

Ndani ya miti safari ilikuwa nzuri. Theluji ilikuwa imeshikana vizuri chini ya miguu, misonobari ilikuwa imetulia, na chai ya tangawizi katika chupa ilikuwa bado inaunguza ulimi. Chupa za maji tulizibeba zikiwa zimepinduliwa mdomo chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na kwa kuzipindua mdomo hubaki wazi. Baada ya saa mbili hivi tulianza kusikia sauti kama ya gari moshi linalopita mbali bila kwisha kupita. Jirani yangu akaonyesha juu kwa kidole. Ulikuwa upepo wa kwenye mgongo wa mlima, nasi tulikuwa bado hatujaufikia.

Mahali miti inapokwisha, katika njia kadhaa za mlima ule, mamlaka ya misitu imeweka kibao kinachomwambia msafiri kwamba mbele yake ndiko kwenye hali ya hewa mbaya kuliko kote Marekani, kwamba wengi wamefia huko hata wakati wa kiangazi, na kwamba kama hali ni mbaya arudi sasa hivi. Maneno yake ni machache na hayana mapambo. Tuliyakumbushana, tukavaa makoti ya kukinga upepo juu ya yale ya joto, tukavuta mizula hadi puani, tukavaa miwani ya theluji, kisha tukatoka.

Hatua ya kwanza nje ya miti nilihisi kama mtu amenipiga kikumbo kwa bega. Tulipanda hadi jabali liitwalo Lion Head, lenye urefu wa zaidi kidogo ya mita 1,500, na kutoka hapo hadi kileleni zilikuwa zimebaki mita zisizofika 400 za kupanda. Njia huonyeshwa kwa marundo ya mawe yaliyovikwa barafu upande wa upepo, barafu yenyewe imeota kama manyoya meupe yanayoelekea upepo unakotoka. Tulikuwa tunatembea kwa kuegemea upepo kama watu wanaosukuma mlango mzito, na ulipokatika ghafla kwa sekunde moja au mbili sote tuliyumba upande ule ule. Kope zangu ziliganda zikashikana, nikawa nazifungua kwa kupumua ndani ya kiganja. Kelele haielezeki. Rafiki yangu wa Bukavu alikuwa mkono mmoja tu kutoka kwangu, nikaona mdomo wake unacheza nyuma ya mzula, sikusikia hata neno.

Hapo ndipo ndugu yetu wa Mombasa alipovua glovu moja ili kukaza mkanda wa begi. Ilikuwa sekunde tano, labda sita. Upepo uliinyakua glovu ile, nikaiona ikiruka juu kama ndege, ikapotea bondeni kabla yeyote hajanyoosha mkono. Alisimama akitazama ilikokwenda. Kisha akainua mikono yote miwili, mmoja umevaa na mmoja mtupu, akaipishanisha juu ya kichwa.

Tuligeuka. Jirani yangu alimvika glovu ya akiba aliyokuwa ameibeba kifuani ipate joto, akampigapiga begani, akatangulia kushuka. Tulipofika kwenye miti tuliutazama ule mkono: ncha za vidole viwili zilikuwa nyeupe kama nta ya mshumaa, naye alisema havimwumi kabisa, jambo ambalo ndilo baya. Hatukuvisugua, kwa sababu kusugua nyama iliyoganda huichana. Aliuweka mkono chini ya kwapa langu, ndani ya koti, tukakaa hivyo kwenye theluji zaidi ya nusu saa, tukinywa chai iliyobaki. Vilipoanza kupata damu alilia kwa maumivu. Akaniambia, "Kaka, mniwie radhi, nimewavunjia safari." Rafiki yangu wa Bukavu akamjibu kabla yangu, "Ndugu yangu, nusu shari kuliko shari kamili. Ungechelewa kidogo, tungekubeba." Vidole vyake vilipona, ingawa ngozi ilibabuka, na hadi sasa ncha zake hufa ganzi haraka kukiwa na baridi.

Mhariri, nikiwa nimekaa pale na mkono wa mwenzangu kwapani, nilikumbuka usiku mmoja wa Barafu, na tangu siku ile sijaacha kuukumbuka.

Wasomaji wenu wanaoufahamu mlima wetu wanajua kwamba kambi ya Barafu, yenye urefu wa zaidi ya mita 4,600, iko juu ya mgongo wa mawe usio na kizuizi, na upepo wa usiku huipiga waziwazi. Nilikuwa na miaka 19. Wageni wetu walikuwa na mahema yao na mifuko mizuri ya kulalia. Sisi wagumu tulikuwa kumi na mmoja ndani ya hema la kulia chakula, tulioruhusiwa kuingia baada ya wageni kumaliza kula na meza kukunjwa, tumelala tumebanana kama dagaa, chini yetu turubai na chini ya turubai mawe. Mwenzangu aliyelala mlangoni alikuwa amevaa raba na koti la pamba lililoloa ukungu wa mchana. Pamba ikiloa haina tena joto, na upepo ukiipitia hunyonya joto la mwili lote. Kabla ya usiku wa manane kamba za hema zilikatika upande mmoja, upepo ukaingia. Saa chache baadaye mwenzangu alianza kuongea kama mlevi, akitaja majina ya watu wasiokuwapo, na mwili wake ulikuwa umeacha kutetemeka. Leo najua kwamba mwili uliopoa ukiacha kutetemeka huo ni mlango wa mauti. Wakati ule tulijua tu kumlalia juu, watu watatu, mpaka kukapambazuka.

Asubuhi alitaka kushuka. Msimamizi alimwambia kwamba anayeshuka kabla ya msafara kumalizika hana malipo ya siku hata moja. Sitataja kampuni ile, kwani ninachotaka ni kitu kikubwa kuliko kumwaibisha mtu kwa kosa la miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Mwenzangu alikuwa na mke na mtoto mchanga, na alikuwa amekwisha kubeba mzigo siku nne. Akauinua mzigo wake, akaendelea. Alipofika getini vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vilikuwa vyeusi, na vyote viwili vilikatwa.

Baridi ya Barafu usiku ule haikukaribia ile ya Washington mwezi Februari, na mwenzangu alikuwa mtu wa mlima, mwenye kifua na miguu kuliko ndugu yetu wa Mombasa mara kumi. Hata hivyo aliyeumia kwa kudumu ni yeye. Sababu naziona mbili. Ya kwanza ni nguo, na kila mtu anaijua. Ya pili ni kwamba ndugu yetu wa Mombasa aliinua mikono akasikilizwa, kwa kuwa sisi wanne tulikuwa marafiki, na hakuna aliyekuwa amemlipa mwenzake wala aliyekuwa anamdai. Mwenzangu wa Barafu naye alisema, kwa kinywa chake, na jibu alilopewa lilikuwa la hesabu ya fedha. Upepo ni ule ule kwa mgeni na kwa mbebaji, lakini neno la kugeuka tumelifanya kuwa mali ya mgeni na kiongozi wake peke yao.

Sitaki kuwakosea haki wanaojitahidi. Hali imebadilika kwa kiasi tangu nilipoondoka. Pale Moshi wapo Kilimanjaro Porters Assistance Project, shirika la kuwasaidia wapagazi, walioanza mwaka 2003, ambao huwaazima wagumu nguo za mlimani bila malipo, na zipo kampuni zinazowapa watu wao mahema ya kulala, chakula cha kutosha na ujira wa haki. Mzani upo getini, na mzigo unaobebwa kwa niaba ya msafara haupaswi kuzidi kilo 20. Hilo la mzani ni jambo kubwa, na mgumu yeyote mzee atawaambia lilivyokuwa kabla yake.

Lakini mzani hupima mzigo tu. Naomba mamlaka husika, kupitia ukurasa huu, iweke utaratibu ambao mtumishi yule yule anayesoma kilo atainua macho amtazame aliyebeba: ana koti linalozuia upepo, au ana koti la mitumba la soko la Memorial, pale Moshi, ambalo ukilishika unaviona vidole vyako upande wa pili? Ana viatu, au ana raba? Atalala wapi usiku wa Barafu? Maswali hayo hayachukui dakika mbili kwa mtu mmoja. Na naomba iandikwe wazi katika mkataba wa kila mgumu kwamba akisema mwili wake umeshindwa kwa baridi, atashushwa akiwa na mwenzake mmoja, na atalipwa siku zote alizokwisha kufanya kazi, pamoja na fungu lake la bakshishi.

Nimekwisha kusikia jibu la baadhi ya wenye kampuni, kwa sababu nilipokuwa likizo Moshi niliwaeleza wazo hili watu wawili watatu. Wanasema mgumu akipewa ruhusa ya kugeuka na malipo juu yake, kila mmoja atageuka siku ya pili na mgeni ataachwa njiani na begi lake. Hofu yao naielewa, kwani biashara yao inategemea mgeni afike. Lakini sikuona hivyo mlimani. Kila mmoja wetu wanne alikuwa na ruhusa hiyo tangu hatua ya kwanza, tulipanda saa nyingi katika baridi ambayo Kilimanjaro haijui, na ishara ilitumika mara moja tu, na ilipotumika ilikuwa ya kweli. Mgumu ana heshima yake. Mtu aliyebeba kilo 20 kutoka Machame hadi Barafu hajifanyi mgonjwa akiwa amebakiza siku mbili alipwe, na kiongozi anayewafahamu watu wake hutambua uso wa mtu aliyepoa.

Kwenu ninyi wahariri nina ombi langu pia. Kila mwaka ifikapo tarehe 9 Desemba misafara hupanda Kilimanjaro kuadhimisha siku ile ya mwaka 1961 ambapo Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge wa Uhuru kileleni, na kila mwaka mnaandika habari hizo kwa furaha inayostahili. Mwaka huu mkimtuma mwandishi, naomba aandike na upepo. Aandike ulivumaje usiku wa kwenda kileleni, ni nani waliogeuka na walipokewaje walipofika chini. Awataje kwa majina, kwa ridhaa yao, watu waliobeba mahema na vyakula, kama anavyowataja wale waliopiga picha chini ya kibao cha kilele. Msomaji atakayekuta katika gazeti kwamba mtu aligeuka akiwa Stella Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, akashuka salama na akapongezwa na wenzake, naye ataona wepesi wa kugeuka zamu yake ikifika.

Mwenzangu yule wa Barafu bado yuko hai, anaendesha bodaboda, na nilimsomea barua hii yote kwa simu kabla ya kuituma, kwa kuwa habari ni yake kuliko ilivyo yangu. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Hakuomba nifute chochote. Aliomba niongeze tu kwamba lile koti la pamba alikuwa ameliazima kwa mdogo wake ili apate kazi ya safari ile, kwa sababu la kwake halikuwa na mikono.

Ni mimi msomaji wenu,
Mgumu wa zamani, Worcester, Massachusetts